Kaburi la Mgomba

Nafundisha historia katika shule moja ya sekondari mjini Musoma. Mada inayowaamsha wanafunzi wa kidato cha tatu mchana, jua la ziwani likiwa limeshawalegeza shingo, ni ile ya vita vya kutishana. Hapo mtaala nauweka pembeni kidogo nikawasimulia. Nawaambia habari za majeshi yaliyowasha mioto mingi mlimani, zaidi ya idadi ya watu, ili adui akitazama kwa mbali aone jeshi ambalo halipo. Nawaambia habari za watekaji waliochoma mji mmoja na kuwaacha watu wachache hai makusudi, wakimbilie mji wa pili kupeleka habari, ili wao wakifika huko wakute milango iko wazi. Kuna wakoloni waliowakaribisha watemi kwa heshima zote, kisha kabla ya mazungumzo wakamlipua ng'ombe kwa bunduki ambayo haijawahi kuonekana, na mazungumzo yakawa mafupi. Kuna ndege zilizomwaga karatasi badala ya mabomu, na kila karatasi inamwambia askari kwamba wenzake wameshakimbia.

Siku moja binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, sasa mtu akipigwa vita ya namna hiyo, anajikingaga na nini?"

Nikamjibu haraka, kama walimu tunavyojibu tusichokijua, kwamba dawa ni kutoogopa. Akaandika. Nami nikageukia ubao, kwa sababu wakati huo mama yangu kule Guta alikuwa amepitisha masika nzima bila kusalimiwa na mtu.

Chanzo kilikuwa shamba. Baba yetu alipofariki aliacha kipande cha mbuga, udongo mweusi unaoshika maji, pamba na mpunga vyote vinakubali. Mdogo wake, yaani baba yetu mdogo, akasema lile shamba kaka yake aliazimwa tu na ukoo, na mjane alirudishe. Mama akasema hapana. Alilima pale tangu akiwa bibi harusi, na baba mdogo mwenyewe alikula mpunga wa pale utoto wake wote. Hapakuwa na ngumi wala panga. Kikakaa kikao cha ukoo, mama akatengwa.

Kutengwa kwetu si jambo la kusimulia kwa mtu wa mbali akalielewa mara moja. Hakuna anayekugusa. Watu wanaacha tu kukusalimia, hawakuazimi moto wala jembe la ng'ombe, hawali kwako na hawakukaribishi kwao. Na anayekiuka anatozwa ng'ombe. Juu ya hayo baba mdogo aliongeza neno lake mwenyewe, akalitamka mbele ya kikao chote: mama akifa, hakuna jembe la ukoo litakalogusa udongo kwa ajili yake. Kwetu mtoto hamchimbii mzazi wake kaburi. Wanachimba wanaume wa ukoo. Kwa hiyo mama aliambiwa, kwa lugha ya wazi kabisa, kwamba hatalala kando ya mume wake.

Hilo ndilo lililomkaa moyoni. Mama hakuwa na tamaa ya vitu. Alichotaka ni kuzeeka pale na kuzikwa pale, ubavuni mwa baba, chini ya ule mchungwa usiozaa.

Nilikuwa namwendea kila Ijumaa baada ya vipindi. Mwanzoni nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia, inakufanya utembee haraka. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, kisha akakuna kichwa. "Mwalimu, nakuelewa sana. Lakini hakuna kosa la kutosalimia. Wamempiga? Wamemtukana? Mimi nikiandika kwamba hawamsalimiagi, polisi Bunda watanicheka."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilimchukia siku ile. Silaha ile haiachi jeraha la kumwonyesha daktari.

Nilimwona mama kisimani. Wanawake walikuwa wanapiga soga, akatokea, soga ikakatika kama redio iliyoisha betri. Wakampisha achote, tena kwa adabu, wakasogeza ndoo zao mbali na njia yake. Alipoondoka soga ikaendelea pale pale ilipoachwa. Kanisani benchi lake likabaki na yeye peke yake, na mchungaji alihubiri upendo siku ile kwa sauti kubwa sana. Jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke aliyenipokea mimi nilipozaliwa, ambaye yeye na mama walikuwa wanapeana makaa ya moto asubuhi na dagaa jioni, alikuwa akimwona mama anatoka nje, naye anaingia ndani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga walisema. Hawakusema mshindo huo unasikika kichwani mwa nani.

Nilijua kila hila wanayoitumia. Nilikuwa nimeifundisha, nimeitungia maswali ya mtihani. Kumzingira mtu, kumkatia habari, kumfanya aamini kwamba ulimwengu wote uko upande wa pili, ilhali ni mzee mmoja mwenye fimbo na watu wengi wanaoogopa kutozwa ng'ombe. Kujua kote huko hakukumsaidia mama hata kwa kijiko cha chumvi.

Akaanza kukonda. Akaacha kuchana nywele. Ijumaa moja nilimkuta ameketi kizingitini akisema, "Marahaba, wa kwenu hawajambo?" Nikatazama njiani. Hapakuwa na mtu, palikuwa na kuku tu. Nilijifanya sikusikia, nikapita jikoni, nikalia humo huku nikipepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari.

Jioni ile aliniuliza, bila kunitazama, "Hivi mwanangu, mimi naonekanaga?"

"Unaonekana, mama."

"Basi sawa. Nilikuwa nauliza tu."

Nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ni afisa mifugo huko Butiama, na mama anapenda kumsikiliza kuliko mimi, kwa kuwa ni mwanaume na ni wa mwisho. Alikuwa amekwisha kuamua. "Dada, maji yamezidi unga. Tumtoe. Aje hapa kwangu Mwitongo, nyumba ninayo, wajukuu wake wapo, atasalimiwa mpaka achoke. Shamba tuwaachie. Tutampoteza mama kwa ajili ya udongo?"

Tukakubaliana aje na pikapu Jumapili. Nilipomweleza mama hakubisha. Alisema tu, "Nikitoka hapa sirudi. Hata maiti yangu haitarudi, mnajua." Tulijua. Usiku ule tulifunga vyombo vyake ndani ya mashuka, na alikuwa akinisaidia kama mtoto anayetii, ananishikia ncha ya kitambaa nifunge fundo. Sijawahi kukata tamaa kama nilivyokata nikiyafunga yale mafundo.

Sasa nafika kwenye upumbavu wa baba mdogo, na namshukuru Mungu kwa upumbavu ule hadi leo.

Yeye hakujua kwamba tumeshashindwa. Angengoja mpaka Jumapili tu, angepata shamba bure. Lakini mtu akizoea kutisha, hujiongezea dozi. Jumamosi asubuhi mama alitoka kwenda kufungulia mbuzi, akachelewa. Nikamfuata. Nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, pembezoni mwa mihogo, akitazama chini. Palikuwa na shimo. Limechimbwa vizuri, pembe nne, udongo umerundikwa upande mmoja kama inavyotakiwa, kina chake cha kiunoni. Urefu wake ulikuwa urefu wa mama.

Nikamshika mkono nikamwambia twende sasa hivi, tusingoje pikapu, tutapata pikipiki barabarani. Hakusogea. Alikuwa anapima lile shimo kwa macho, kama anavyopima kitambaa cha kanga sokoni. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akacheka, kidogo, kwa pua.

"Si walisema hawatanichimbia?" akasema. "Wamenichimbia."

Nilidhani akili imemruka. Alikuwa na akili kuliko mimi. Kila mtu wa kwetu anajua kaburi likichimbwa haliachwi wazi. Halifukiwi hivi hivi, wala halibaki likingoja. Likikosa maiti unazikwa humo mgomba, na mgomba huo unaliliwa kama mtu, la sivyo shimo litamfuata yeyote, na wa kwanza kufuatwa ni mkono uliolichimba. Baba mdogo alilijua hilo tangu anyonye. Alihesabu kwamba mama ataliona, atakimbia, na yeye atakuja jioni na mgomba wake kumaliza mambo kimya kimya.

Mama alichukua panga akaenda kukata mgomba. Akaniambia nibandike chungu cha ugali kile kikubwa, na samaki furu wakavu wote waliobaki. Nikamuuliza wa kukila ni nani. Akasema, "Msiba hauna chakula?" Nikawasha moto. Tuliukokota mgomba wawili, ukitutia utomvu kwenye nguo, tukautia shimoni. Kisha mama akatupa kitambaa chake cha kichwa chini, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba.

Sina namna ya kuliandika lile yowe. Alilia miezi yote ile kwa mara moja. Alimlilia baba, alizililia salamu zake, alijililia mwenyewe kwa jina lake kama tunavyowalilia waliokufa. Mimi nikaungana naye, na sikuwa naigiza.

Yowe la msiba halichagui. Anayelisikia akakaa, lake halitasikika siku likimfika. Ng'ombe wa kutozwa ni mmoja, aibu hiyo ni ya ukoo. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ng'ambo, anakimbia huku anajifunga kanga kiunoni, analia kabla hajajua anamlilia nani. Akaja akanikuta, akamkuta mama yuko hai kando ya kaburi, akasimama mdomo wazi. Wakaja wengine nyuma yake, kisha wanaume na majembe, maana wanaume huja na majembe. Mwishowe akaja baba mdogo mwenyewe. Alitembea polepole. Nadhani alishajua.

Mama alinyamaza. Akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Karibuni," akasema. "Kaburi nimelikuta limechimbwa, sijui na nani. Mgomba nimekata mwenyewe. Linalobaki ni kufukia. Aliyechimba aanze yeye, ili lisimfuate. Mimi simtajagi mtu jina."

Hakuna aliyesogea. Mbuzi walikuwa wanalia bandani, wamesahauliwa. Nilimtazama baba mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona ile hofu ninayoifundisha inavyofanana ikiwa usoni mwa mtu. Mdomo wake ulikuwa unatafuna bila kitu. Fimbo ikamtoka mkononi. Akainama, akachota udongo kwa viganja viwili, akautupa shimoni.

Watu wote wakaona.

Jirani akafuata, akatupa wa kwake. Akamgeukia mama akasema, "Pole, mama. Pole sana." Wakaja mmoja mmoja, kila mtu udongo wake na pole yake, majembe yakamalizia. Kisha wakala. Walikula wamesimama, macho chini, lakini walikula, na aliyekula kwako hawezi tena kusema amekutenga. Hakikukaa kikao kingine. Baba mdogo hakulitaja shamba tena, na Jumapili mdogo wangu alipofika na pikapu tulifungua mafundo badala ya kuyapakia.

Ningependa kuishia hapo. Wanafunzi wangu wangependa niishie hapo.

Mama bado yuko Guta. Mbuga ni yake, mwaka huu ina mpunga. Mahali pake kando ya baba papo, na vijana wa ukoo wenyewe wamepafyeka majani bila kuombwa. Jirani anampelekea makaa kila asubuhi. Watu wanamsalimia njiani, kisimani, kanisani, wanamsalimia kwa sauti, wengine mara mbili, kama watu wanaolipa. Yeye anapita. Hana kisirani, nilimuuliza, akanishangaa. Anasema yeye hasikii mtu akimsalimia.

Ijumaa iliyopita nilishuka kwenye pikipiki nikamkuta kizingitini anachambua mchele. Nikainama mbele yake, karibu kabisa, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akainua uso akanitazama. Kisha akageuka taratibu, akachungulia ndani ya nyumba nyuma yake, aone ni nani ninayemsalimia.