Nyuki Wangu wa Kwanza

Mume wangu alipofariki, jirani yangu, bibi shamba mstaafu, alinifundisha kufuga nyuki nyuma ya nyumba yangu hapa Sumbawanga mjini. Nilijifunza kufukiza moshi taratibu na kufunua mzinga bila pupa. Nyuki wale walinipa sababu ya kutoka ndani.

Asubuhi moja nilipulizia dawa ya wadudu maharage yangu yaliyokuwa yamechanua. Kufikia jioni, nyuki walikuwa wametapakaa chini ya mzinga, wengine wakijikokota. Nikamkimbilia jirani.

“Mama, njoo uone!”

Aliinama, akaokota mmoja. “Dawa umepiga saa ngapi?”

“Asubuhi.”

“Mwanangu, asubuhi ndipo wanapokuwa kwenye maua.”

Hakunigombeza. Tuliwafagia pamoja. Nilipaka nta ndani ya mzinga uliobaki mtupu ili harufu yake ivute kundi jingine, lakini baridi ya Juni iliingia bila nyuki hata mmoja.