Uzito wa Pikipiki Moja

Programu yenyewe nilipewa bure na mwalimu wangu wa ujenzi kule Kasongo, na kweli, rahisi ni ghali. Kazi yake ni kulikata daraja vipande vidogo vidogo, kisha kuhesabu kila kipande kinaumia kiasi gani. Nilidhani nitachora miti, niweke pikipiki juu, nione. Wapi! Ilitaka faili la maandishi matupu: mistari na mistari ya namba, hapa pointi, hapa vipande, hapa ncha za miti zinapolala ukingoni, hapa uzito. Ukisahau mstari mmoja inakataa kazi yote na kukugombeza kwa Kiingereza.

Nilivumilia, kwa sababu watu wa kwetu Lusangi walikuwa wamemaliza kulaza miti ya daraja jipya kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na kila mtu alitaka kujua kama itabeba pikipiki yenye mzigo wa kwenda Salamabila. Kwetu daraja halizinduliwi kwa hotuba. Aliyesema kwamba ni zima humpitisha kwanza mtu wa damu yake. Mimi ndiye niliyesoma, basi mama alikuwa ameshachagua kitenge cha kuvaa.

Hatimaye programu ilikubali. Picha ikatoka bluu tupu, ncha hadi ncha, na bluu maana yake mti haupati taabu. Nikawatangazia watu. Mama akaenda kuoga.

Lakini picha ile ilinikera. Mti ukibebeshwa hupinda, hata kidogo; huu haukupinda kabisa. Nikarudi kwenye faili, mstari kwa mstari, huku nikisonya. Uzito wa pikipiki, dereva, mama na magunia niliuandika kwa alama ya mkato, kama tulivyofundishwa sote kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza la hesabu: 0,4 ya tani. Kumbe programu hii inataka nukta. Ikifika kwenye mkato, namba imeisha. Ilisoma sifuri. Ilihesabu daraja lisilo na mtu juu yake, ikaridhika. Kwa mstari uliosahaulika inapiga kelele, lakini pikipiki nzima ikipotea pamoja na mama yangu, inanyamaza. Nilitamani kuitupa kompyuta mtoni.

Niliweka nukta. Katikati ya daraja pakawa pekundu.

Nilikimbia. Nilimkuta mama amekwisha kukaa nyuma ya dereva, magunia yamefungwa, watu wamejipanga kando kumwangalia.

"Mama, shuka," nilimwambia. "Ile jibu haikuwa ya kweli. Tuongeze kwanza muti mwengine pale katikati."

"Si ulisema iko muzuri?"

"Ni machine ilisema, mama. Machine haina akili."

Alishuka polepole, akanyoosha kitenge chake, bila hasira yoyote.

"Miye ile machine siijue," alisema. "Nilipanda hii pikipiki sababu ni weye ulisema."