Kiema na Majina ya Wagiriki

Kiema alisoma Kilatini miaka miwili seminari, akarudishwa nyumbani, na Kilatini kikarudi naye. Hakuna kingine alichorudi nacho. Basi kigango chetu, upande wa Kanyangi, kikampa kazi ya ukatekista, naye akatutia adabu.

Jamani, yule mtu alijua majina! Stefano ni taji, Petro ni jiwe, Agatha ni mwema. Wagiriki waliyatunga, Warumi wakayachukua kwa Wagiriki, na sisi tunayavaa bila hata kuyafua: ndivyo alivyopenda kusema. Ndunge alipoleta binti yake abatizwe Eugenia, Kiema alimwuliza mbele ya kanisa zima, "Eugenia ni mzaliwa wa ukoo bora. Ukoo upi, ikiwa babake hatumjui?" Watu wakacheka. Kiema alilala vizuri siku hiyo.

Mwezi wa tisa Mbithe alifika na mtoto mgonjwa mgongoni, pumzi inakatika, inarudi. Hospitali walikuwa wamemwambia ampeleke nyumbani tu. Alitaka mwanawe abatizwe kabla hajafa, hilo tu, na jina alikuwa nalo: Mwendwa, yaani mpendwa kwa Kikamba.

"Hilo ni la nyumbani," Kiema akasema. "Mpendwa kwa Kigiriki, likipitia kwa Warumi, ni Erasmus. Haya, sema."

"Elasimusi, mwalimu."

"Huyo simjui. Rudi ukishajua kulitamka."

Sisi Wakamba na hiyo herufi R, mnajua wenyewe. Kesho yake akarudi kwa miguu, jua linamchoma utosini, mtoto mgongoni. "Elasimusi." Kiema akamrudisha tena. Na alijua, shetani yule! Alijua, kama kila katekista ajuavyo, kwamba mtoto akiwa mahututi mtu yeyote, hata mama yake, anaweza kumbatiza kwa maji ya kikombe na maneno machache. Alinyamaza kwa sababu angemwambia, Mbithe asingerudi kumbembeleza. Na kubembelezwa alikupenda kuliko chakula.

Mtoto alikufa Ijumaa.

Padri aliyekuja kuzika alikuwa kijana, mgeni kwetu. Alimwuliza Mbithe kwa upole, "Mama, mbona hukumbatiza mwenyewe nyumbani? Maji kidogo tu yangetosha. Hamkufundishwa?"

Mbithe alimgeukia Kiema, na sisi sote tukamgeukia. Kiema alitafuta neno, la Kilatini, la Kigiriki, lolote lile, akakosa.

"Hakuniuliza," akasema.

"Nilikuja mara mbili, mwalimu," Mbithe alisema. "Mara zote mbili nilikuwa naye mgongoni."

Padri akatazama chini. Wanaume wakaanza kurudisha udongo. Kiema alisubiri mtu amtukane, hata ampige, lakini hakuna aliyefungua mdomo, na polepole akaanza kupumua vizuri.

Jumapili alisimama tena mbele yetu kufundisha, nasi tukaketi.