Nilivyokuwa Gavana wa Kijapani mbele ya DC wetu

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa. Hii sikuhadithiwa na mtu. Koti la Gavana nililivaa mwenyewe, na wa kubisha abishe akimaliza kusoma.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho nilikuwa Form Three, shule moja upande wa Awasi. Nyinyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Siku hizo hata kulalamikia bei ya sukari unaangalia kwanza nani amekaa nyuma yako.

Mwalimu wetu wa history, Madam Akinyi, alikuwa anatufundisha Korea ilivyotawaliwa na Japani. Watu wanalazimishwa kubadili majina, wanainamia mfalme asiyewajua, jirani anamripoti jirani. Darasa zima tukawa tunaangaliana tu.

Akatutungia mchezo. Mimi, kwa hii sauti yangu nzito, nikapewa Gavana.

Siku ya wazazi DC mwenyewe akaja, akakaa mstari wa mbele. Sasa huyo DC alikuwa na tabia yake. Kila baraza anakohoa kidogo, anagonga fimbo chini, halafu: "Serikali iko macho." Wilaya nzima tulikuwa tunamuiga kwa siri.

Wakuu, sijui nilipandwa na shetani gani. Nilifika jukwaani, nikakohoa, nikagonga fimbo. "Serikali ya Japani iko macho."

Wazazi wakaangua kicheko. Kisha kikakatika, maana walikumbuka nani amekaa mbele.

Nikamwona Madam pembeni ameziba mdomo kwa leso. Mwalimu mwenzake alikuwa amechukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na hakurudi. Niliogopa sana kwa ajili yake, lakini mchezo ulikuwa haujaisha, so nikaendelea kuitawala Korea.

Tulipomaliza DC akasimama. Akakohoa. Akagonga fimbo.

"Huyu Mjapani alikuwa mtu mbaya sana," akasema. "Mwalimu, hii mchezo mtaleta Kisumu siku ya Madaraka. Wananchi waone ubaya ya mkoloni."

Nyani haoni kundule, wakuu!

Basi tukabebwa na lori la serikali, tukanyweshwa soda ya serikali, tukaisema serikali mbele ya serikali. Stadium nzima ilicheka. Mama mmoja muuza samaki ilibidi akae chini. "Huyu Mjapani ni customer yangu," anasema huku anapangusa machozi, "hata jana nimemuuzia ngege mbili."

DC, furaha tele, akamwita Madam. "Sasa hao Wakorea walifanya nini mpaka huyo mtu akaenda?"

"Walivumilia, Mzee. Na walikuwa wanamcheka kichinichini."

DC akatikisa kichwa. "Watu wajanja sana hao."

Nilichojifunza: mdhalimu ukimsomea habari zake, anadhani ni za jirani. Na wewe, ulicheka wapi siku zile ambapo kucheka kulikuwa hatari? Andika hapa chini, sasa hakuna wa kukuripoti.

Madam alifundisha mpaka akastaafu. Tukikutana sokoni hanisalimii kwanza. Anakohoa.