Mume Wangu Anataka Mtoto Atolewe Kabla Likizo Yake Haijaisha

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe. Ndugu zangu wa ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Wete hapa Pemba, nina mtoto mmoja wa kike na mimba ya pili ambayo sasa ni kubwa. Mume wangu yupo Maskati kikazi, anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Nimekasirika, nawaambia mapema. Mkiona naandika kwa ukali mnisamehe, ukali si wenu.

Mimba ya kwanza mtoto alikaa vibaya, alitanguliza matako, daktari akasema nitazaa kwa upasuaji. Sikubishana naye. Ila alitaka tungoje wiki zitimie, na likizo ya mume wangu ilikuwa inaisha kabla ya hapo. Mume wangu alikuwa na hamu moja tu, amwadhinie mwanawe sikioni kwa sauti yake mwenyewe, kama baba yake alivyomwadhinia yeye. Hamu nzuri, sikatai. Akamwomba daktari ailete tarehe karibu.

Daktari akamwambia, "Ndugu yangu, mtoto akitolewa wiki hazijatimia na uchungu haujaanza, mara nyingine mapafu yake yanakuwa bado yana maji. Anapata tabu kupumua. Subiri."

Mume wangu aliitikia vizuri, tulipotoka nje akaanza kutafuta hospitali ya binafsi itakayokubali. Akaipata. Nikamwambia, "Si kaka yangu yupo, atamwadhinia kwa niaba yako?" Akacheka, akasema mimi naogopa kisu tu.

Basi nikapasuliwa. Mtoto alilia kidogo, kisha kilio kikageuka mguno. Kila akivuta pumzi kifua kinabonyea ndani na pua zinatanuka. Pale hapakuwa na wodi ya watoto mahututi, wakamtia kwenye gari na baba yake wakampeleka hospitali kubwa. Mimi nilibaki kitandani na mshono wangu, titi limejaa, mtoto sina. Hasira ya siku ile mpaka leo haijanitoka.

Nesi wa wodi ya watoto kule hospitali kubwa alikuja kunisimulia baadaye. Mtoto aliwekewa oksijeni na mpira wa kulishia, baba akazuiwa kuingia. Akasimama mlangoni akaadhini, kwa sauti ya msikitini hasa, huku analia. Nesi akamwambia, "Baba, punguza sauti, humu ndani wote wagonjwa." Nilipoletwa mimi, likizo ilikuwa imekwisha, ameshapanda ndege. Alimtoa mtoto mapema ili amshike, na aliondoka hajamshika.

Alhamdulillahi mwanangu alipona, sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Lakini mama mkwe wangu, anayekaa Ole, hajaniacha nipumue. Kwake kosa ni kisu. Nikienda kumsaidia kuchambua karafuu, ataanza mbele ya wageni, "Ntoto wa kisu huyo. Siye tulizaa wenyewe, tulisukuma. Vijana wa sasa wavivu." Nilimjibu siku moja, kwa adabu, kwamba mle wodini jirani yangu alizaa kwa njia ya kawaida, na mwanawe alikuwa kwenye oksijeni vilevile, kwa sababu uchungu ulimshika muda mrefu nyumbani na walichelewa kumleta. Akanambia, "Weye ushakuwa daktari?"

Sasa nije kwenye kilichonileta. Safari hii mtoto amekaa sawa, kichwa chini. Daktari amenieleza vizuri. Naweza kungoja uchungu na kujaribu kuzaa kawaida, lakini hospitali, wanitazame, kwa sababu nina kovu. Au nipasuliwe, lakini wiki zitimie. Nilitoka pale moyo mweupe, nikampigia mume wangu.

Ameshakata tiketi. Anakuja, na anataka nipasuliwe akiwa hapa, wiki mbili kabla ya muda aliosema daktari. Nikamuuliza, "Umesahau ule mlango?"

Akasema, "Sijasahau, ndiyo maana. Yule sikumwadhinia sikioni. Huyu sikubali anipite." Kisha akaongeza, "Kama hutaki, n'ambie nisije kabisa."

Mama mkwe naye kasikia, ananiita Ole nikazalie kwake, mkunga yupo na nisiguswe na kisu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wangu hayupo, na lake ndilo la kwanza. La mama yake ndilo la pili. Langu mimi mwenye tumbo halijaulizwa.

Nampenda mume wangu, najua upweke wa kule unamuuma. Nikikataa, atasema nimemnyima mwanawe mara mbili, na mama yake atalishikilia neno hilo mpaka kaburini. Nikikubali, nitalala tena kitandani nasikiliza gari linaondoka na mwanangu. Nimeongea na mama yangu mzazi, akanambia mume ni mume, nisimvunje moyo. Nimechoka, wallahi.

Jana alipiga simu ya video. Binti yetu akaitazama ile sura, akaniuliza, "Mama, huyu anakuja kutuchukulia mtoto?" Sijui kalisikia wapi, labda mimi mwenyewe nilipokuwa nalalamika. Mume wangu alisikia, akakata simu, na mpaka sasa hajapiga.

Dada zangu mliozaa, kaka zangu mlio mbali na wake zenu, nisemeni hata kwa ukali. Nisimame na daktari na ndoa iwe itakavyokuwa, au kuna namna ya kumwambia mwanamume huyu akaelewa? Tiketi inabadilishwa. Mapafu ya mwanangu nitayabadilisha wapi?