Moshi Ulioelekea Mizingani

Nilichoma vyote kwa pamoja. Hilo ndilo kosa langu, na ninalitaja mwanzo kwa sababu nimeandika ukurasa huu mara saba, na kila mara nilijikuta nimelificha katikati.

Mvua ya upepo ilikuwa imeezua nyumba yetu, kijijini upande wa Itigi. Boriti ilimwangukia baba mguuni, akapelekwa hospitali Manyoni. Uwanjani yalibaki matawi, mabua ya alizeti, godoro lililoloa, mifuko ya plastiki na chupa za dawa ya kupulizia shambani.

Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba.

"Matawi na mabua chomeni, lakini mnipe taarifa kwanza. Plastiki, godoro na chupa za dawa, hapana. Na upepo ukivuma, msiguse hata kiberiti."

Niliyaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari kwa rula.

Kisha ikaja simu: baba anarudi kesho. Sikuweza kuvumilia akute takataka. Nilikusanya kila kitu lundo moja, nikafagia mara tatu. Mama mdogo, aliyekuja kutusaidia, alinicheka.

"Baba yako anarudi akitembelea gongo, wewe unamfagilia kama mkuu wa mkoa! Liache hilo lundo."

Sikuliacha. Alasiri ile, upepo unavuma na mwenyekiti hana habari, niliwasha.

Moshi ulitoka mweusi, mzito, ukaenda nyuma ya nyumba, kwenye mizinga minne ya baba. Aliitundika pale, kwenye matawi ya chini ya miti, miguu ilipoanza kukataa safari za porini. Asali yake ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia. Nilimwaga maji, moshi ukazidi. Nikasimama na ndoo tupu, nikisikia nyuki wakivuma juu yangu, halafu mbali, halafu kimya.

Kesho yake baba aliteremka garini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uwanja umependeza." Akanusa. "Umechoma nini?"

Nilimtajia kimoja kimoja. Alijikongoja hadi nyuma, akagonga mzinga wa kwanza kwa gongo, akatega sikio. Akagonga wa pili, wa tatu. Wa nne aliugonga mara mbili. Chini, nyuki wachache walikuwa wamekufa kwenye majani.

"Watarudi, baba?"

"Ungeningoja tu, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi takataka nimezizoea."

Angenigombeza, ningelala siku ile.

Nyuki hawajarudi. Siku hizi natenganisha kwanza. Plastiki na chupa naziweka kwenye viroba hadi lipatikane gari la mjini. Matawi nayaacha yakauke, namtaarifu mwenyekiti, nachoma asubuhi pakiwa pametulia, na siondoki mpaka majivu yapoe. Lundo linaweza kukaa uwanjani wiki mbili, nami naliacha likae.