Mbwa Mmoja, Kadi Nne

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wenye vyeo na wenye vitambi, kwa walio hai na kwa walioandikwa hai, kwamba katika ofisi ya mifugo, chumba cha mwisho upande wa choo, yupo karani ambaye hajapata kuhesabu kitu kimoja mara mbili tangu azaliwe. Wengine wana mabingwa wa mbio na masumbwi. Sisi tunaye huyu, na tumempa kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Wenzake wanamwita Mara Moja. Kwenye harusi ya shemeji yake alipewa kazi ya kupanga viti, kila aliyealikwa na pande zote mbili akamfuta upande mmoja, akabaki na kiti kimoja. Kuna shangazi hadi leo akimwona anavuka barabara. Mkewe ana shutuma yake: "Huyu hata samahani anaomba mara moja. Usipoisikia, imekwenda na maji."

Basi ilitokea kampeni ya kuchanja mbwa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Utaratibu ulikuwa hivi: mbwa akichomwa sindano anafungwa utepe shingoni, na kila utepe una namba yake. Kisha mwenye mbwa anakwenda mezani, anataja mtaa na namba ya utepe, anapewa kadi. Mara Moja akawa anaingiza kadi zote kwenye jedwali la kompyuta, kadi moja mstari mmoja. Ikatangazwa pia kwamba nyumba yenye mbwa asiye na kadi, mbwa atabebwa. Tangazo hilo alilitunga Bwana Mifugo mwenyewe, mkuu wa ofisi, mtu ambaye hawezi kukuambia ameshiba bila kutaja ni kwa asilimia ngapi. Ndiyo maana wanamwita Asilimia, ila asipokuwepo.

Lengo lilikuwa asilimia sabini ya mbwa wanaokadiriwa kuwepo kwa kila mtaa. Mtaa ukivuka hapo umekwisha, na chanjo iliyobaki inapelekwa wilaya jirani. Asubuhi ya siku hiyo gari lilikuwa tayari uani, masanduku ya baridi yamepangwa nyuma, dereva amelala na kofia usoni. Asilimia alikuwa amekwisha kupiga simu kwa wakubwa: mitaa yote imevuka, Machinjioni imeongoza kwa themanini na saba. Kilichobaki ni karani kuweka saini kwenye hesabu, gari liondoke saa sita.

Mara Moja alikuwa na kalamu mkononi simu ilipolia. Mama mkwe, anayekaa huko huko Machinjioni.

"Mkwe, huku kuna mbwa anapepesuka kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mate yanamtoka. Jana jioni amewauma mbwa wawili wa pale bucha."

"Ana utepe, mama?"

"Utepe autoe wapi? Hapa wasio na utepe wamejaa kama nzi."

"Haiwezekani, mama. Mtaa wenu karibu wote wamechanjwa."

"Nani kasema?"

"Kompyuta."

"Basi mwambie kompyuta aje atembee hapa na miguu yake. Na mjukuu wangu akitoka shule leo apite wapi? Juu ya mabati?"

Mara Moja aliweka kalamu chini. Binti yake, wa darasa la pili, hutoka shule adhuhuri na kwenda kwa bibi, na njia ni moja tu, ile ya ukuta wa machinjio. Akapiga simu shuleni. Ikaita hadi ikakata. Akapiga kwa mkewe kazini. Imezimwa.

Akarudi kwenye jedwali. Akalipanga kwa namba ya utepe badala ya tarehe. Utepe mmoja ulikuwa na mistari minne. Mbwa yule yule, mtaa ule ule: kadi ya mshona viatu, kadi ya mwenye genge, kadi ya mlinzi, kadi ya mama mkwe wake mwenyewe. Wa chini yake mistari mitatu. Wa chini yake mitano.

Akaelewa. Mbwa wa Machinjioni hana bwana mmoja. Analinda genge mchana, usiku analinda viatu, na kote anakula. Liliposikika tangazo la kubebwa, kila aliyewahi kumtupia mfupa akakimbilia kadi. Wale wasiolishwa na mtu, wanaojilia damu kwenye mfereji wa machinjio, hakuna aliyewashika, hakuna aliyewapeleka. Mbwa wa watu wanne kaandikwa mara nne. Mbwa wa bure hajaandikwa kabisa. Na yeye, Mara Moja, bingwa wa taifa, siku zote alikuwa anahesabu kadi akidhani anahesabu mbwa.

Alinakili jedwali pembeni, akabakiza safu mbili tu, mtaa na utepe, akaamuru kompyuta ifute marudio ya kila jozi, ibakize moja. Kompyuta ile ni ya umri wa kustaafu. Ilikoroma. Kioo kikawa cheupe, kikakaa hivyo huku uani mlango wa gari ukifungwa. Yeye hakugusa kitu, mikono kaiweka mapajani kama mtu anayesubiri kunyolewa. Kioo kikarudi. Akahesabu tepe zilizobaki kwa kila mtaa. Mitaa mingine ilishuka kidogo, ikabaki juu ya sabini. Machinjioni ilianguka hadi arobaini, tena kasoro.

Akaingia kwa Asilimia bila kubisha hodi, jambo ambalo katika ofisi ile ni sawa na kuingia bila suruali.

"Mkuu, gari lisiondoke."

Asilimia alikuwa anafunga tai. "Saini iko wapi?"

"Machinjioni hawajafika hata nusu. Nilihesabu kadi, siyo mbwa. Kosa ni langu." Akaweka mezani karatasi mbili alizochapa, moja ya hesabu ya kila mtaa, moja ya wilaya nzima.

Asilimia si mjinga. Alizisoma zote mbili, kisha akagonga kwa kidole. "Hapa umejumlisha mitaa yote. Hapa umehesabu tepe za wilaya nzima. Mbona jumla ya mitaa imezidi? Mbwa wameongezeka kati ya karatasi hii na hii? Wamezaana?"

"Wako wa mpakani, mkuu. Anakula mtaa huu, analala mtaa ule. Kote ana kadi, kwa hiyo kote amehesabiwa."

"Kwa hiyo hata hesabu yako mpya ina mbwa waliorudiwa."

"Ndiyo, mkuu."

"Sasa nikuamini wewe wa asubuhi au wewe wa sasa hivi?"

Nje, gari liliwashwa. Mara Moja akatazama dirisha, kisha saa ya ukutani, kisha karatasi. Alikuwa na sentensi moja tu.

"Hao wa mpakani nimewapa Machinjioni wote, mkuu. Hata mmoja sijawanyima. Na bado ni arobaini kasoro."

Asilimia akaisoma tena karatasi ya mitaa. Wakati huo huo, kichwani mwa Mara Moja, kengele ya shule ilikuwa inapigwa, mkoba wenye zipu mbovu unavaliwa, viatu vinatoka langoni.

"Wilaya jirani nao wana mbwa wao," Asilimia alisema taratibu. "Watoto wao pia. Nimewaahidi."

"Wape masanduku mengine yote. Mimi nataka masanduku mawili, wachanjaji, na yule wa wavu wa kukamatia mbwa."

"Na wakubwa niliokwisha kuwaambia themanini na saba?"

"Sema karani alikosea. Nitaandika mwenyewe."

"Na ukiwa umekosea tena leo?"

"Utanifukuza."

"Nitakufukuza vizuri kabisa," alisema Asilimia, akafungua dirisha. "Dereva, zima."

Njiani hakuna aliyeongea isipokuwa dereva, ambaye alitaka kujua mbwa wa mpakani hulipa kodi wapi. Hakujibiwa. Walipokata kona ya machinjio barabara ilikuwa tupu, na barabara hiyo haijapata kuwa tupu tangu ijengwe. Genge limefunikwa. Mshona viatu yuko juu ya meza yake, cherehani kaikumbatia. Wauza nyama wamefunga mlango wa nondo, wanachungulia.

"Mtoto wa shule amepita?" Mara Moja aliuliza kupitia dirishani.

"Wamepita wawili," alisema mshona viatu. "Na yule mbwa akawafuata."

Mara Moja alishuka gari likiwa bado linatembea. Mwenye wavu akamfuata, akimtukana kwa kunong'ona ili atembee polepole, maana mbwa wa namna ile akisikia mbio naye anakuja. Wakageuka uchochoro wa kwa mama mkwe. Mbwa alikuwa pale pale mlangoni, kichwa chini, taya linaning'inia, anasukuma ubao wa mlango kwa bega kana kwamba ni wake. Ndani hakukusikika hata kikohozi.

Wavu ulirushwa mara ya kwanza ukagonga ukuta. Mbwa akageuka. Mara Moja alikuwa amebeba karatasi zake mbili, hata hakujua kwa nini, na alizishika mbele yake kama ngao huku anarudi nyuma hatua kwa hatua. Wavu ukarushwa mara ya pili, ukashuka juu ya mbwa. Yaliyofuata ni kazi ya wenye kazi yao.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mama mkwe alitoa jicho, kisha mchi wa kutwangia, kisha mwili. Nyuma yake mtoto na rafiki yake walikuwa wamesimama juu ya kitanda na viatu vyao.

"Ameniuma?" Mtoto aliuliza, kwa sababu alikuwa hana hakika.

Baba yake alimkagua vidole, vifundo, mashavu ya miguu, nyuma ya masikio, akarudia tena toka mwanzo. Akamkagua na yule rafiki. Hapana.

"Mkwe," alisema mama mkwe, "unakuja na gari la serikali mikono mitupu?"

Hadi jua linapungua, wachanjaji walikuwa kwenye mfereji wa machinjio wakiwafunga utepe mbwa wasiojua hata maana ya shingo kuguswa. Wale wawili wa bucha walioumwa wakatengwa. Asilimia mwenyewe akafika, ameshika simu, ameshaonja habari na kuona ina utamu. Alimsogelea Mara Moja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto amemlalia begani.

"Nina mkutano na wakubwa kesho," alisema. "Hili nitalieleza vizuri. Nipe namba tu. Leo tumeokoa watu wangapi?"

Mara Moja akafikiri kwa uaminifu.

"Sijui, mkuu. Hao hatukuwaandika."